Jengo la AU Addis Ababa: data zilikuwa zinaibiwa kweli? Mnaojua mitandao nisaidieni

Wakuu habari za usiku. Kuna mzee hapa kijiweni anasema jengo la Umoja wa Afrika pale Addis Ababa siri zake zilichotwa miaka mitano mfululizo, nikambishia. Ni kweli? Na data zinaibiwaje wakati getini kuna walinzi?

Fundi Nyaya:
Mzee wenu yuko sahihi mkuu, gazeti la Le Monde la Ufaransa ndilo lililoitoa Januari 2018. Lile jengo ni zawadi ya China, dola milioni 200, lilifunguliwa 2012, na mitambo ya kompyuta waliifunga wao. Sasa gazeti linasema Januari 2017 mafundi wa AU wakashtuka, kila siku saa 6 usiku mpaka saa 8, ofisi hazina mtu, neti inatumika kuliko mchana, kufuatilia wanakuta data zinakopiwa kwenda seva, yaani kompyuta kubwa za kuhifadhia data, zilizoko Shanghai, China. Mlinzi wa getini ataona nini hapo, mwizi kapita kwenye waya. Mimi nafunga mitandao maofisini, nikimaliza nawaambia badilisheni nywila (password), narudi baada ya mwaka ni ileile niliyoweka mimi, yaani inaniuma sana.

Mama Zuhura:
Ila tuwe wakweli, China walikanusha na Moussa Faki aliyekuwa mwenyekiti wa Kamisheni ya AU naye akasema ni uongo.

Fundi Nyaya:
Walikanusha kweli dada, lakini gazeti hilohilo linasema AU walinunua seva zao wenyewe. Huwezi kubadilisha seva za jengo zima bila sababu.

Kaka wa Ilala:
Na 2020 shirika la habari la Reuters wakatoa nyingine. Wajapani waliwatonya AU, kukagua wakakuta wadukuzi wanaodhaniwa ni wa China wanavuta picha za kamera za ulinzi, korido, maegesho, vyumba vya mikutano. Safari hii zilitoka saa za kazi ili zijichanganye na neti ya mchana! Fikiria unajua nani kaingia kuonana na nani kabla ya kikao, hata hotuba huihitaji tena. Na si China tu jamani, 2013 nyaraka za siri alizovujisha Snowden, aliyekuwa akifanyia kazi ujasusi wa Marekani, zilifanya dunia ijue Marekani ilikuwa inaisikiliza simu ya Merkel, kansela wa Ujerumani wakati huo, na Ujerumani ni rafiki yao wa damu.

Muuliza swali:
Asanteni sana wakuu, kesho namwomba mzee radhi. Fundi, nywila ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, inabadilishiwa wapi? Ya ofisini kwetu ni ileile tangu siku inafungwa.