Si kila mwili wa moto ni homa! Nimechoka na hii "mpe parasetamoli tuone"

Wakuu, nilitaka hasira zipoe kwanza ndiyo niandike. Leo siku ya tano hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Mdogo wangu anatumia sertralini, dawa ya sonona, mwezi wa saba sasa. Imemsaidia, analala, anacheka, sina ugomvi nayo. Wiki iliyopita kiuno kikamkaba, akaenda hospitali, akaandikiwa tramadoli. Daktari hakumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Muuguzi hakumuuliza. Wa dirisha la dawa naye akamkabidhi bahasha na "mara tatu kwa siku, anayefuata!"

Kameza asubuhi, kameza mchana. Jioni anatetemeka, anaharisha, jasho linamtiririka mpaka shuka likalowa. Kipimajoto kikasoma 39.4. Tukarudi naye mbio. Jibu: "Ana homa, kuna maambukizi." Akatundikiwa parasetamoli, akachomwa antibiotiki. Halafu kwa kuwa alikuwa anatetemeka na kuguna, wakaona ni maumivu yale ya kiuno, wakamwongezea sindano ya tramadoli! Saa moja baadaye 40.1, na mboni za macho zimepanuka kama mtu aliyeamshwa gizani. Damu ilipopimwa, mdudu hakuonekana. "Tuendelee kumpa parasetamoli tuone." Tuone nini?

Sasa nisikilizeni, maana nimesoma usiku na mchana tangu siku ile. Sisi mwili ukiwa wa moto neno letu ni moja tu, homa, na naona hata wenye koti jeupe wanafikiri kwa neno hilohilo. Homa ni kitu ambacho ubongo umekusudia. Chini kabisa ya ubongo kuna haipothalamasi, ndiyo inayoshikilia joto kwenye nyuzi 37 hivi. Mdudu akiingia, kinga ya mwili inapiga kelele, mishipa ya damu ya ubongoni inatengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2, nayo inakwenda kukaa kwenye kipokezi chake, yaani mlango wake kwenye seli, kinachoitwa EP3. Hapo ubongo unajipangia kiwango kipya, tuseme 39. Ndiyo maana ukiwa na 38 unatetemeka na kutafuta blanketi, ubongo unakuhesabu kuwa bado wa baridi. Parasetamoli inapunguza utengenezaji wa prostaglandini hiyo, kiwango kinarudi chini, unatoka jasho, unapoa. Kwa homa ya kweli sina neno.

Lakini kiwango cha mdogo wangu hakikusogezwa na mtu! Sertralini inazuia serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni, isirudishwe ndani ya seli iliyoitoa. Tramadoli, pamoja na kutuliza maumivu, nayo inafanya kazi hiyohiyo. Ukizikutanisha, serotonini inafurika. Na serotonini peke yake haina maana moja, inategemea imekaa kwenye kipokezi gani, na vipo aina 14. Panya akichochewa kile cha 1A anapoa, akichochewa cha 2A anapanda joto. Mwaka 1963 Feldberg na Myers waliwadunga paka serotonini kwenye uwazi wa ndani ya ubongo, paka wakapanda joto. Walipowadunga noradrenalini, kemikali nyingine ya ujumbe, wakashuka. Waliojaribu kwa sungura wakakuta kinyume chake. Yaani kemikali ni ileile, mlango tofauti, jibu tofauti. Kwa binadamu aliyefurika serotonini, 2A ndicho kinachoshukiwa zaidi, na juu ya hapo misuli inakaza na kutetemeka bila kupumzika. Misuli ni tanuri. Sasa parasetamoli ilikuwa inazuia prostaglandini ipi hapo?

Saa sita usiku zamu ikabadilika, akaingia daktari kijana. Hakugusa kipimajoto. Alimshika mdogo wangu mguu, akausukuma unyayo juu kwa ghafla na kuushikilia. Mguu ukaanza kudunda wenyewe, tap-tap-tap-tap, kama mguu wa fundi kwenye cherehani. Akauachia, akausukuma tena, ukadunda tena. Kudunda huko ni alama ya serotonini iliyofurika. Ndipo akatugeukia: "Anatumia dawa gani nyingine?" Swali lenyewe hilo! Nikamwonyesha kopo. Akasimamisha zote mbili, akamchoma diazepamu misuli ilegee, akaagiza maji na feni. Ipo na dawa inayoziba vile vipokezi, siproheptadini, lakini haikuwepo. Kesho yake jioni 37.5.

Najua kuna atakayekuja hapa na "mkuu, madaktari wanachoka, wahurumie". Kuchoka nakujua. Mwaka 1984 pale New York binti wa miaka 18, Libby Zion, alikuwa anatumia fenelzini, dawa ya sonona ya zamani. Akafika hospitali ana joto na anarukaruka mwili, akachomwa pethidini, dawa kali ya maumivu. Hizo mbili hazikutani kamwe. Joto likafika karibu nyuzi 42, asubuhi akafa. Kelele za kesi ile zikazaa kanuni ya mwaka 1989 ya kuwapunguzia madaktari wanafunzi saa za kazi hadi 80 kwa wiki. Vizuri sana. Ila watu wanakumbuka saa, zile dawa mbili wamezisahau.

Na si serotonini tu. Mgonjwa anayepewa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, anazibwa vipokezi D2 vya dopamini, kemikali nyingine ya ubongoni. Wachache wao, ndani ya siku au wiki kadhaa, wanakauka mwili kama bomba la chuma na joto linapaa. Huyo naye mtasema homa? Zile dawa zinazoziba asetilikolini, kemikali ya neva inayoamuru jasho litoke, ndiyo usiseme, zinafunga jasho na ngozi inabaki kavu, ya moto.

Wewe unayetumia sertralini, usikurupuke kuiacha kwa sababu ya uzi wangu, kuacha ghafla nako kuna balaa lake. Nenda na kopo lako, liweke mezani kabla hawajashika kalamu. Ukiandikiwa tramadoli, uliza mara mbili, wakinuna wanune.

Jana tumepewa karatasi ya ruhusa. Pale kwenye ugonjwa wameandika neno moja: HOMA. Nimerudi dirishani kuomba warekebishe. Nimeambiwa imeshagongwa muhuri.