Mjadala: Je, kamusi za imani za kishirikina zinastahili rafu katika maktaba za umma?

Mtoa mada

Ndugu wasomaji, swali ninalolileta mbele yenu linahusu vitabu vya marejeo vinavyokusanya miko, ndege mbaya, ramli, hirizi na imani nyingine za jadi na kuzipanga kwa alfabeti. Je, vinunuliwe kwa fedha za umma na kuwekwa katika maktaba zetu, ilhali bado wapo watu wanaouawa kwa sababu ya imani hizohizo? Mimi ninavitetea kwa sharti moja, kwamba kila kidahizo, yaani kila neno linaloorodheshwa na kuelezwa, kieleze imani hiyo ilinakiliwa wapi, mwaka gani na kutoka kwa nani. Kitabu kinachosema tu kwamba Waswahili huamini bundi akilia juu ya paa patatokea msiba, bila kutaja ni Waswahili wa mji gani na wa zama zipi, ni porojo za barazani zilizotiwa jalada.

Faida ya tarehe imeonekana Uingereza. Mwaka 1989 Iona Opie na Moira Tatem walichapisha kamusi ya imani za aina hii, ambayo chini ya kila kidahizo imepanga nukuu za maandishi kwa mfuatano wa miaka, na mwaka 2003 Steve Roud naye akatoa kitabu chake kuhusu imani za Uingereza na Ayalandi. Imani kadhaa zilizodaiwa kuwa za kale zilibainika kuwa changa. Hofu ya Ijumaa ya tarehe 13, kwa mfano, Roud hakuipata katika maandishi yoyote ya kabla ya karne ya 19.

Nasi tuna pa kuanzia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyewahi kufundisha Kiswahili Berlin, ndiye mwandishi mkuu wa maelezo yaliyomo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Kitabu hicho si kamusi, lakini kinatuonyesha watu wa pwani walivyosimulia uzazi, mapepo na uganga zaidi ya karne moja iliyopita, na kinasimulia bila kejeli.

Sasa tuchukue suala lililo zito zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotangazwa sana nchini Tanzania kuanzia mwaka 2007 yalitokana na madai kwamba viungo vyao huleta utajiri, hasa kwa wachimbaji wa madini na wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Zilikuwepo imani za zamani kuhusu ualbino, kama ile ya kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka, nazo zilikuwa za kikatili kwa namna yake. Lakini imani hiyo na biashara ya viungo ni mambo mawili. Mganga anayemwambia mteja wake kwamba dawa hii ni ya mababu anajipa mamlaka ya mababu. Kamusi yenye miaka na mahali inaweza kumnyang'anya mamlaka hayo, jambo ambalo hotuba ya kulaani peke yake haiwezi.

Mchangiaji kutoka Shinyanga

Ndugu mtoa mada, hoja yako ni nzuri kwa msomaji atakayesoma kidahizo hadi mwisho. Huku kwetu tumezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitokana na miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha. Je, kamusi yako itaandika nini penye neno "macho mekundu"? Itaandika kwamba katika sehemu fulani yalichukuliwa kuwa dalili ya uchawi, kisha itaweka mwaka na mahali, kisha labda itaeleza habari za moshi. Mtu atapiga picha ya mstari wa kwanza kwa simu na kuusambaza, na yule aliyekwisha kumshuku bibi wa jirani atasema, "Hata vitabuni imo." Tanzania bado inayo sheria ya uchawi iliyotungwa na mkoloni mwaka 1928, na karibu karne nzima ya kuwepo kwake haijaufuta woga huo. Sioni ni kwa vipi tanbihi itafanya kazi ambayo sheria imeshindwa kuifanya.

Muuguzi mstaafu

Naomba nichangie kwa ufupi. Katika kliniki za wajawazito nilikutana na akina mama waliokataa kula mayai kwa kuambiwa kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, na wengine walinyamaza tu, wakapokea ushauri na kwenda nyumbani kufuata mwiko. Muuguzi aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine hawezi kuuliza jambo asilojua kwamba lipo. Kitabu chenye orodha ya miko ya chakula kwa kila eneo kingenisaidia kuliko mabango mengi tuliyobandika ukutani. Hayo ya mauaji nawaachia wenye ujuzi nayo.

Mchangiaji kutoka Kilifi

Mimi nina tatizo na jina lenyewe la kitabu. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya iliyozunguka vijiji vyao vya kale, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imesalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya miko iliyokataza kukata miti na kuingia ovyo. Ukiiweka miko hiyo katika jalada lililoandikwa "ushirikina", karibu na ramli ya kumtafuta mchawi, umekwisha kuhukumu kabla ya kueleza. Nasema hivyo nikijua kwamba katika kaunti hiihii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingine nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi. Ndiyo maana nasisitiza vidahizo vitenganishwe: mwiko unaolinda mti usikae na tuhuma inayomuua mzee.

Mtoa mada

Nimekubali pendekezo la kutenganisha, na jina la "imani za jadi" linanitosha. Kwa ndugu wa Shinyanga, naafiki kwamba mstari wa kwanza ndio husomwa. Basi mhariri auanze na mwaka na chanzo, na habari za moshi zitangulie tuhuma. Vilevile, namna ya kutengeneza dawa au kafara isichapishwe kabisa, kwa kuwa mtafiti haihitaji ili aelewe imani. Lakini siafiki kwamba kunyamaza kunatulinda. Vurugu za mumiani, yaani za hofu ya watu waliodaiwa kunyonya damu, za Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959, na hofu ya Popobawa, jini aliyedaiwa kuwashambulia watu usiku vitandani, iliyoanzia Pemba mwaka 1995 na kuwafanya watu walale nje kwa makundi, hazikuhitaji kamusi yoyote ili zisambae. Zilienda kwa mdomo. Kilichokosekana ni mahali ambapo mwalimu, mwandishi wa habari au mkuu wa wilaya angefungua na kuona kwamba hofu kama hiyo iliwahi kuja, ilianza vipi na iliisha vipi.

Mchangiaji kutoka Shinyanga

Mwalimu, mwandishi wa habari, mkuu wa wilaya: hao nawakubali, na ningemwongeza hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kiwekwe basi katika maktaba za mikoa, vyuo vya ualimu na vya uuguzi, kisomwe humohumo bila kuazimwa. Katika maktaba ya shule ya msingi sitakubali, hata ukianza kila mstari kwa mwaka na chanzo, kwa sababu mtoto wa miaka kumi hasomi tarehe; anasoma kwamba bibi yake ana macho mekundu.