Mashine ya kufyekea majani imegoma kuwaka tangu nilipoitoa stoo: naomba ushauri

Mama Bustani (Moshi):
Ndugu zangu, salaam. Nina mashine ya kufyekea majani ya kubeba begani, ile ya kuchanganya petroli na oili. Niliiweka stoo mwanzoni mwa Juni, masika yalipokwisha, tangi likiwa na mafuta kama nusu. Sasa vuli imeanza, majani yamefika magotini, nami nimevuta kamba mpaka bega linauma bila injini kukohoa hata mara moja. Fundi mmoja amenishauri ninunue kabureta mpya (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ilhali ya zamani hakuifungua, na sipendi kutoa fedha kabla ya kujua kilichoharibika. Nianzie wapi?

Fundi Pikipiki:
Dada, umefanya vema kusita. Kwanza hakikisha swichi ya kuzimia haijabaki upande wa kuzima, kisha mwaga mafuta yote ya zamani. Petroli iliyokaa miezi minne au mitano hupoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto kwa urahisi, na inayobaki huacha utando wa kunata ndani ya kabureta.

Baada ya hapo tia mchanganyiko mpya, vuta kamba mara kumi, kisha fungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta, na uitazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika na shida huenda ni cheche, au umefunga choki (kile kizibo cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) kwa muda mrefu mno. Ikiwa kavu, dondoshea matone machache ya mchanganyiko kwenye tundu la plagi, rudisha plagi na uvute. Injini ikinguruma sekunde mbili ikazima, cheche ipo, na tatizo liko kwenye njia ya mafuta. Tafadhali usijaribu cheche nje huku tundu la plagi likiwa wazi na limelowa petroli, kwa maana mvuke wake hushika moto.

Mzee wa Kahawa:
Naongeza kuhusu mchanganyiko, kwa sababu hapo ndipo mashine nyingi hufia. Soma kijitabu chake: penye 1:50, lita moja ya petroli huchukua mililita 20 za oili, na penye 1:25 huchukua mililita 40. Asiyetia oili huua pistoni, kwani injini hiyo haina oili nyingine ya kuilainisha.

Mama Bustani:
Nashukuru sana. Plagi ilikuwa kavu, na kwa matone yale injini ilinguruma kidogo ikazima. Je, ninunue dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta?

Fundi Pikipiki:
Subiri kwanza. Dawa kali huharibu vile viwambo vya mpira vilivyomo ndani, kwa hiyo vitoe kabla ya kupuliza, wala usichokonoe vitundu kwa waya, maana tundu likipanuka kidogo tu kipimo cha mafuta huvurugika. Lakini kabla ya kugusa kabureta, vuta kwa ndoano ya waya ule mpira uliomo ndani ya tangi, ambao mwishoni una chujio dogo, uukague wote hadi unapotokea nje. Kisha bonyeza kile kibofu cha mpira cha kupandishia mafuta: kikitoa mapovu tu, mashine inavuta hewa mahali fulani.

Mama Bustani:
Narudi na majibu. Kibofu kilitoa mapovu, na mpira wa mafuta ulikuwa umekakamaa na kupasuka pale unapopita kwenye ukuta wa tangi, mahali ambapo nisingepaona bila kuuvuta. Chujio nalo lilikuwa jeusi na linanata. Nimebadilisha vyote viwili, nikabonyeza kibofu mpaka mapovu yakaisha, na kwenye mvuto wa sita injini imewaka. Kabureta sijaigusa. Leo jioni, nikimaliza kufyeka, nitamwaga mafuta yote na kuiacha injini ijizimie yenyewe kabla ya kuirudisha stoo.