Mjadala: Mkulima mdogo wa Uganda aruhusiwe kulima bangi ya dawa kwa mbegu zake mwenyewe?

Mwenye kitalu, Kasese

Ndugu zangu, Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Mwaka huohuo Bunge likatunga nyingine. Tangu hapo watu wanaulizana: kama bangi ya dawa inalimwa kwa kibali, mkulima mdogo naye atapewa lini? Kwetu Kasese swali hili si la gazetini. Kampuni imewahi kuilima kwa kibali huko Hima, na jirani aliyechungulia uzio aliona hela tu.

Mimi nataka mkulima mdogo aingie. Ila nasema asiingie kwa mbegu za mfukoni, na hapo ndipo ninapopishana na wenzangu.

Nimekula kwa kazi ya miche miaka mingi. Nikiwa bado mgeni wa kazi nilinunua miche ya kahawa kwa mtu aliyeniapia kwamba ni KR, ile robusta ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza, Mukono, inayostahimili ugonjwa wa mnyauko. Mwaka wa tatu miti ikaanza kufa, leo huu, wiki ijayo ule, na mingine katikati yao imesimama mizima kabisa. Nilibandua gamba la mti mmoja, nikakuta michirizi ya buluu iliyokoza kuelekea nyeusi, alama ya mnyauko. Nikaung'oa. Mzizi mkuu mmoja ulikuwa umenyooka chini kama msumari, na mche wa kikonyo, yaani kipande cha tawi kilichooteshwa kikawa sawa na mama yake, hauna mzizi wa namna hiyo. Nilikuwa nimeuziwa miche ya mbegu. Mama yake huenda alikuwa KR kweli, lakini robusta haijichavushi yenyewe, kwa hiyo baba alikuwa mti wowote wa jirani.

Bangi iko hivyo hivyo, na imezidi. Ina mti dume na mti jike, na chavua yake husafiri na upepo kilomita kadhaa. Mbegu nyingi zinazouzwa kwa majina matamu ni chotara wa chotara. Ukichukua koo mbili zilizotulia, yaani kila moja huzaa watoto wanaofanana nayo, ukazichanganya, watoto wa kwanza hufanana. Kasheshe iko kwa wajukuu. Mwaka 2003 watafiti walichapisha jaribio lililoonyesha jambo hili wazi: walichanganya koo yenye THC, kile kinacholevya, na koo yenye CBD, kisicholevya. Watoto walitoka na vyote viwili. Watoto hao walipozaa, wajukuu wakagawanyika: karibu robo THC, karibu robo CBD, na nusu mchanganyiko. Na hiyo ni sifa moja. Urefu, harufu, unene wa ua, kuhimili ukungu, kila kimoja kinagawanyika kwa njia yake.

Tena sisi tuko kwenye Ikweta, mstari unapita humu humu wilayani. Bangi kwa kawaida husubiri usiku uwe mrefu ndipo itoe maua. Aina za Ulaya zimezoea siku ndefu za kiangazi, zikiletwa hapa penye mwanga wa saa kama 12 mwaka mzima hukimbilia maua zingali fupi. Njaga yetu ya zamani, yaani bangi ya kienyeji, haina haraka hiyo. Sasa changanya hizo mbili, upande mbegu za wajukuu: mti huu umechanua ukiwa magotini, wa pembeni yake umekupita kichwa na hauna hata ua moja. Utavuna siku gani? Na mnunuzi akipima, atapima mti upi?

Mzazi, Busia

Mwenye kitalu, shikamoo kwa kazi yako, lakini unajadili mbegu wakati nyumba inaungua. Mimi nina kijana aliyeanza kuvuta akiwa shule, akaanza kusikia sauti, tukampeleka hospitali, na hadi leo anameza vidonge. Kampuni ina uzio na walinzi. Mkulima wa robo eka ana uzio gani? Wewe mwenyewe umesema baadhi ya wajukuu watatoka wakali. Hao wakali wataishia wapi kama si kwa watoto wetu? Msimamo wangu ni hapana, kwa mbegu au kwa vikonyo.

Mfamasia, Mbarara

Pole sana, mzazi. Naongeza moja tu la upande wangu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD kwa aina mbili ngumu za kifafa cha watoto. Mtoto hupimwa uzito ndipo apewe kipimo chake, matone hayakisiwi. Kiwanda kinachotengeneza dawa kama hiyo kinataka mmea wa leo uwe sawa na wa mwaka jana, ndiyo maana waliotengeneza hiyo walizalisha mimea yao kwa vipandikizi. Hata kwa bangi ya nyuzi na mafuta, ile isiyolevya, Marekani imeweka mpaka wa asilimia 0.3 ya THC. Ukiuvuka, zao halina ruhusa ya kuuzwa. Mkulima mwenye shamba la miti inayotofautiana hana njia ya kujua atavuka au hatavuka hadi maabara iseme, na wakati huo ameshapalilia msimu mzima.

Mkulima, Mukono

Mimi niko karibu na Kituza, hiyo hadithi ya KR naijua kwa macho. Mwenye kitalu ameisimulia nusu. Mnyauko ulionekana nchini mwaka 1993, ukaja ukafagia robusta zetu mzee na kijana. Hizo KR zilitoka wapi? Hazikushuka mbinguni. Watafiti walizitafuta kati ya miti mingi iliyotofautiana, wakaijaribu kwa ugonjwa, wakachukua michache iliyosimama. Kama babu zetu wangepanda mti mmoja wa vikonyo nchi nzima, na mti huo ukawa dhaifu, tungekunywa nini leo?

Kwa hiyo hiyo tofauti mnayoiita kasoro mimi naiita akiba. Njaga ya Uganda imekaa hapa muda mrefu, imejifunza mvua zetu mbili na ukungu wetu. Mkisema mkulima asipande ila vikonyo, nani atakuwa na mama mti, ule unaokatwa vikonyo? Kampuni. Mkulima atanunua miche kila msimu, bei watapanga wao. Tulishaona vanila: bei ilipopanda kila mtu akafunga marando kwenye miti, 2004 ikaporomoka, watu wakaing'oa kwa hasira. Waliokuwa na mkataba mzuri ni wachache. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, na waliokuwa na mtaji wa maghala na maabara ndio waliopita mlangoni. Mnataka tuwe vibarua wa mche wa mtu?

Mwenye kitalu, Kasese

Mzee wa Mukono, hapo kwenye akiba umenishika, na nakubali bila kuzunguka. Nilizungumza kama mwuza miche. Mbegu za njaga ya zamani zikusanywe kwa kibali na zihifadhiwe na taasisi ya umma, kabla chavua ya chotara wa kigeni haijaziingilia. Ikishaziingilia hakuna wa kuitoa. Shamba moja lenye madume upande wa upepo linatosha kuharibu kazi ya miaka.

Lakini kuhifadhi tofauti ni kazi moja, na kumkabidhi maskini tofauti hiyo akaiuze kama dawa ni kazi nyingine. Kituza hawakumwambia mkulima apande mchanganyiko wote, atakachopata ndicho. Walibeba wao hasara ya kuchagua, miaka na miaka, kisha wakatoa vikonyo kwa bustani za mama mti, na hata sisi wenye vitalu vidogo tuliruhusiwa kuwa nazo. Hilo ndilo ninalolidai kwa bangi: uchaguzi ufanywe na NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kwa hela ya umma, mama mti wawe wa umma, na vyama vya wakulima vipewe vikonyo. Kampuni ikitaka kuleta mbegu zake kwa wakulima wa mkataba, iandike kwamba zao likivuka kipimo hasara ni yake, kwa sababu mbegu ni yake.

Mzazi wa Busia, sina jibu la kukutosha kuhusu kijana wako na sitajifanya ninalo. Nasema tu kwamba mti wa kikonyo uliochaguliwa kwa CBD nikijua mama yake najua kilichomo. Wa mbegu sijui, na mwizi hajui, na mtoto atakayeuvuta hajui.

Mkulima, Mukono

Mama mti wa umma nakuunga mkono. Ila hilo la hasara kubebwa na mwenye mbegu liandikwe kwenye kanuni zenyewe, lisiachwe kwenye mkataba. Mikataba ya mazao huku tunaletewa kwa Kiingereza, tunaweka dole gumba, na nakala wanaondoka nayo.