Tupeane uzoefu: cheni ya taimingi iliyowahi kukutoa jasho

Wakuu, salamu kutoka Mwanga, Kigoma mwisho wa reli. Mafundi, na sisi tunaojifungulia magari wenyewe, leo tuambiane ukweli kuhusu cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua vali) ili ziende kwa mpangilio.

Naanza mimi. Toyota IST, injini ya 1NZ, nilifungua kubadili gasketi ya silinda hedi. Kurudisha, pistoni ya kwanza nikaiweka juu, pingili za rangi za cheni nikazikalisha kwenye alama za gia zote, safi. Nikazungusha krenki raundi mbili kwa spana. Kutazama, alama za gia zimerudi mahali pake, ila zile pingili za rangi ziko kwingine kabisa! Nikajua nimeruka jino, yaani cheni imekaa jino moja pembeni ya alama. Nikafungua, nikafunga, vilevile. Mara ya tatu ilikuwa usiku, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni, mzee wa gereji ya jirani akapita. Akaniuliza, "Mwanangu, cheni na gia ya kemshafti, kipi kirefu?" Nikabaki nimeduwaa. Krenki ikienda raundi mbili, kemshafti inaenda moja, na cheni inasogea kwa meno ya ile gia tu. Haijamaliza hata mzunguko wake mmoja, pingili zitarudije? Hizo ni za wakati wa kufungia. Ukishazungusha, unaangalia alama za gia basi. Siku mbili zangu zilienda hivyo.

Mdau wa Ujiji: Afadhali wewe uliziona. Yangu ilikuwa nyeusi tii kwa oili. Nikaiosha na petroli hadi rangi zikajitokeza kwa mbali, nikazikolezea na rangi ya kucha ya mama watoto. Hadi leo ananidai chupa.

Mdau wa Ipuli, Tabora: Mimi mteja alikuwa na haraka ya kuwahi Urambo, sikuzungusha kwa mkono, nikapiga stata moja kwa moja. Tak! Cheni haikukaa sawa, pistoni zimegonga vali, nne zimepinda, nikalipa mwenyewe. Mteja akaenda Urambo kwa basi. Siku hizi nazungusha taratibu, na ikigoma hata kidogo siongezi nguvu, nafungua.

Mdau wa Kasulu: Kukosea jino moja ndiko kubaya zaidi, maana gari linawaka. Langu lilikuwa linatetemeka sailensa (likiwaka bila kukanyaga mafuta), na nikipakia gunia mbili za maharage bodaboda zinanipita mlimani. Taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia inasoma P0016, yaani krenki na kemshafti haziendi sawa. Nikanunua sensa ya kemshafti, nikanunua na ya krenki. Hela yote ile, kumbe fundi aliyefunga kabla yangu alikosea jino.

Mwanzisha mada: Pole sana mkuu. Sensa ndiyo rahisi kubadili, ndiyo maana kila mtu anaanzia hapo.

Mdau wa Gungu: Mimi alama zilikaa zote. Nimefunga kava, silikoni imekauka, nanawa mikono, ndipo nikakumbuka kile kiwaya nilichozuilia tenshena (kile kinachokaza cheni) isifyatuke wakati wa kufunga. Kimo ndani. Msiniulize zaidi.