XCSoar, XCTrack au SeeYou? Nataka ya glaida, naondoka Januari

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
Habari za jioni wakubwa. Naomba ushauri wa haraka. Nahitaji programu ya GPS ya kushika mkononi kwa ajili ya glaida, chombo cha kuruka bila injini. Nimesoma mpaka macho yanauma: XCSoar, XCTrack, LK8000, SeeYou Navigator. Kila mmoja anasifia ngoma ya kwao. Ipi bora? Kuna pesa kidogo nimeiweka pembeni, na nisipoamua wiki hii mke wangu ataipeleka kwenye ada ya shule. Asanteni.

Mama_Mawingu (Mbale)
Ssebo, umeuliza gari gani zuri bila kusema kama unabeba abiria au mchanga. Glaida ipi? Ile ya kitambaa na kamba, au ndege kamili yenye mabawa na kiti? Simu gani? Pesa kidogo ni kiasi gani? Na unarukia wapi?

Bawa_Refu (Jinja)
XCTrack. Mjadala umefungwa. Haina gharama, visanduku vyake unavipanga unavyotaka, na nikiwa Kerio, Kenya, wenzangu walioko chini wananiona kwenye ramani mubashara. Nimeitumia misimu mitatu.

Mama_Mawingu (Mbale)
Bawa, wewe unaruka na kitambaa. Yeye hajasema anaruka na nini. Tulia.

Fundi_Skrini (Arua)
Kabla ya programu, uliza kioo. Hapa kwetu saa saba mchana jua liko utosini, na simu iliyobandikwa chini ya kanopi, kile kifuniko cha plastiki juu ya rubani, inachemka mpaka inajipunguzia mwanga yenyewe. Unabaki unatazama uso wako. Mimi natumia kisoma vitabu cha Kobo, kile cha wino wa kielektroniki. XCSoar inaingia humo vizuri. Jua likizidi ndipo unasoma vizuri zaidi! Betri inakaa. Kasoro yake ni kwamba Kobo haina GPS ndani, lazima uiunganishe na kifaa cha nje, na rangi hakuna.

Kijana_wa_Busia
Ngoja kwanza. Ndege haina injini na mnajadili wino?

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
Samahani, niliandika nikiwa kwenye foleni ya Clock Tower. Ni ndege kamili, si kitambaa. Nina leseni ya ndege ndogo za injini. Januari naenda wiki mbili Kenya, Mweiga karibu na Nyeri, kujifunza glaida. Simu ni ya Android, nimeinunua mwezi jana, muuzaji aliniambia ina kila kitu. Pesa ni kama milioni moja na nusu za hapa.

Mama_Mawingu (Mbale)
Sasa tunaongea. "Ina kila kitu" maana yake nini? Ina baromita? Simu nyingi za bei nafuu hazina. Pakua programu yoyote ya bure ya kuonyesha vihisi uangalie kama kuna kihisi cha shinikizo la hewa. Usipokuwa nacho, urefu wote unautoa kwenye GPS, na mistari ya anga inayodhibitiwa hupimwa kwa shinikizo la hewa, si kwa setilaiti. Na glaida ni aina gani?

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
Ya viti viwili. Jina la aina sikuuliza.

Mama_Mawingu (Mbale)
Yesu wangu.

Afande_Mstaafu (Soroti)
Vijana, sisi pale shule ya urubani Soroti tulipewa ramani, dira, saa na penseli. Ukipotea unatafuta reli. Leo mtu hajajua aina ya ndege atakayopanda, tayari anataka programu. Lakini sisemi ni mbaya. Miaka ya nyuma rafiki yangu alikuwa na iPAQ, kompyuta ndogo ya mkononi, iliyofungwa kwa mpira kwenye paja, inaonyesha ramani mpaka betri ikatike katikati ya kazi. Mmepiga hatua.

Nungunungu_77 (Entebbe)
Mama Mawingu analia kuhusu aina ya ndege, na mimi nitawaambia kwa nini ana haki. Hadithi ni ndefu, chukueni chai.

Nilifanya kazi Afrika Kusini miaka kadhaa, na huko ndiko nilikojifunza glaida. Siku moja nilipewa ASK 13, ile ya viti viwili ya zamani, nikiwa peke yangu. XCSoar ilikuwa kwenye tableti. Ramani nimepakua, alama za viwanja zipo, anga inayodhibitiwa ipo na rangi zake. Nilijiona rubani wa shirika. Ukurasa mmoja sikuufungua: wa ndege yenyewe. Sasa XCSoar usipoiambia chochote inadhani unarusha LS-8, ndege ya mashindano inayoteleza kilomita 43 kwa kila kilomita moja ya urefu. ASK 13 ikiwa safi na hewa ikiwa imetulia inakupa kama 27.

Kosa la pili ni aibu zaidi. Kuna urefu wa akiba wa kufikia uwanjani, programu inaukata kabla ya kukuambia unafika. Mimi niliushusha hadi sifuri kwa sababu zile namba nyekundu zilikuwa zinanichosha.

Nikawa kilomita 24 kutoka uwanjani, mita 900 juu yake. Programu inasema nafika na ziada ya mita 300 na kitu. Nikapita mkondo mzuri wa hewa moto inayopanda bila kugeuka nizunguke humo nipande! Kuna tai wawili walikuwa wanazunguka humo, nikawapungia mkono kama mjinga. Piga hesabu mwenyewe: 24 gawanya kwa 27, unahitaji karibu mita 890. Hewa ikishuka kidogo tu huna kitu. Nami sikuwa na kitu. Ile ziada ikaanza kuyeyuka, 250, 180, 90, nikaanza kuilaumu GPS. Nilipoinua macho, uwanja ulikuwa umelala bapa mbele yangu kama chapati iliyotazamwa kutoka ukingoni, na ukiona uwanja hivyo ujue hufiki.

Nilitua kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kilomita tano hivi kabla ya uwanja. Ndege nzima, mimi mzima. Wafanyakazi wa shamba wakaja na pikapu, mmoja akazunguka ndege mara mbili akauliza injini imeangukia wapi. Sikuwa na jibu la heshima.

Kwa hiyo Kiraka, piga simu Mweiga uulize aina. Kisha iteue kwenye orodha, imo karibu kila ndege.

Kijana_wa_Busia
"Injini imeangukia wapi" 😂 Huyo ni ndugu yangu.

Bawa_Refu (Jinja)
Pole Nungu. Lakini hilo ni kosa la rubani, si sababu ya kuikataa XCTrack.

Nungunungu_77 (Entebbe)
Nani ameikataa XCTrack? Hata sikuitaja.

Fundi_Skrini (Arua)
XCTrack imetengenezwa na kina kitambaa kwa ajili ya kina kitambaa. Ndege ya mabawa inataka hesabu ya MacCready (ya kuchagua kasi ya kuruka) na ya mteremko wa mwisho hadi uwanjani vikae mbele ya macho. Hapo XCSoar na LK8000 ni ndugu, LK8000 ilichipuka kutoka XCSoar. SeeYou Navigator ni laini, inaeleweka haraka, ila unailipia kila mwaka. Ukitaka kifaa chao kabisa, Oudie, bei inakaribia bodaboda mpya, na hapo ushuru wa forodha haujasema neno.

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
Oudie tuiache. Nimeangalia vihisi: baromita hakuna. Nikamrudia muuzaji, akasema niwashe data itakuja.

Mama_Mawingu (Mbale)
😂😂 Baromita ya vifurushi. Basi tafuta vario ndogo yenye Bluetooth, kile kifaa cha kuonyesha unapanda au unashuka, ina baromita yake ndani, inazungumza na XCSoar moja kwa moja. Na uzime ule ubahili wa betri kwenye simu. Simu yangu ya zamani ilikuwa inaiua programu kila kioo kikizimika, nikitua rekodi ya safari ina matundu kama neti ya mbu ya mwaka juzi.

Afande_Mstaafu (Soroti)
Ongezeni hili. Mweiga iko kati ya Mlima Kenya na Aberdare, ardhi yenyewe iko juu. Kila futi 1,000 kasi ya kweli inazidi ile ya kwenye saa ya kasi kwa karibu asilimia 2. Ukiwa futi 10,000, saa inasoma 90, wewe unakwenda karibu 108. Utashangaa kona zinavyopanuka.

Kijana_wa_Busia
Swali la pembeni. Kwa nini mnasema "glaida"? Kiswahili si kina "tiara"?

Bawa_Refu (Jinja)
Tiara ni ile ya watoto ya karatasi na uzi.

Kijana_wa_Busia
Na yako ya kitambaa na kamba ni nini?

Bawa_Refu (Jinja)
…

Afande_Mstaafu (Soroti)
Jeshini tungeiita ndege-bubu.

Fundi_Skrini (Arua)
Ndege-bubu nimeipenda. Turudi. Kiraka, XCSoar ukiifungua inakuuliza kama unaruka au ni mazoezi. Chagua mazoezi, kaa kwenye kochi wiki nzima, vidole vizoee. Hewani si mahali pa kutafuta menyu. Kama una kompyuta yenye nguvu, igizo la Condor linaweza kuipelekea XCSoar mahali ulipo kana kwamba unaruka kweli.

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
Hilo nimeanza! Nimeiweka XCSoar tangu jana, na nimejiandikia faili ya viwanja vya nyumbani kwa majaribio: Entebbe, Kajjansi, Soroti, Kasese, Mbarara. Ila kuna kitu sielewi. Mbarara inaonekana iko kaskazini ya Kasese. Je, ramani ni mbovu?

Nungunungu_77 (Entebbe)
Bandika huo mstari wa Mbarara.

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
0033.317N,03035.967E

Nungunungu_77 (Entebbe)
Ikweta, ndugu yangu, ikweta! Uliwahi kupita Kayabwe ukapigwa picha kwenye lile duara? Ng'ambo ya pale kuelekea Masaka na Mbarara herufi ni S. Wazungu wanaoandika miongozo hii wengi wako kaskazini, N yao haibadiliki, na sisi tunanakili mstari wa juu na kubadilisha namba tu. Entebbe ukiikosea hivyo inahama kilomita tisa hivi, inaingia ziwani, na unaweza usigundue. Mbarara umeihamisha zaidi ya kilomita 120. Na angalia pia kwamba ni nyuzi na dakika, si nyuzi zenye desimali. 0033.317 si 0.33.

Mama_Mawingu (Mbale)
Nimefungua ramani kuangalia 0033 kaskazini, 03035 mashariki. Umeipeleka Mbarara jirani na Kyenjojo.

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
Aibu. Narekebisha. Mweiga je, N au S?

Nungunungu_77 (Entebbe)
S. Nyeri iko kusini ya mstari, Nanyuki ndiyo iko juu ya mstari wenyewe. Usininukuu kwa herufi, waombe klabu faili yao.

Bawa_Refu (Jinja)
XCTrack ingekuonyesha kosa hilo mara moja.

Fundi_Skrini (Arua)
Ingekuonyesha vipi? S ni S kwenye programu yoyote.

Bawa_Refu (Jinja)
Rangi zake zinaonekana vizuri zaidi.

Kiraka_Kajjansi (Kampala)
Kwa hiyo ninunue nini? Vario ya Bluetooth, au Kobo? Zote mbili haziingii kwenye bajeti, na mke wangu ameshauliza ile bahasha ni ya nini.

Fundi_Skrini (Arua)
Kobo.

Mama_Mawingu (Mbale)
Vario. Na uulize aina ya ndege kwanza. Umeuliza?

Mwana_wa_Tooro (Kyenjojo)
Nimeona tumetajwa. Mbarara tunaipokea, ilimradi ije na ng'ombe wake wa maziwa.