4,294,967,297 ni namba tasa au sio?

Kijana wa Mwanjelwa:
Wakuu habari za jioni. Kuna namba inatusumbua hapa nyumbani, 4,294,967,297, mdogo wangu wa kidato cha nne kaileta, ni 2^32 ukijumlisha 1. Tarakimu zake jumla 59 kwa hiyo 3 haiingii, kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 5, kwa 13 inabaki 10, na kalkuleta ya dukani inaishia tarakimu 8 haiwezi hata kuiandika. Jirani anashikilia ni tasa. Mtu anajuaje bila kugawa mpaka azeeke?

Mhehe wa Ipogolo:
Kamwene mkuu. Kipeuo chake cha pili ni 65,536 na chembe kidogo, kwa hiyo kama si tasa lazima kigawo kimoja kiwe chini ya hapo. Ila namba tasa za chini ya 65,536 ziko 6,542, kwa mkono hulali. Jirani yako yuko na watu wakubwa, mwanahisabati Fermat wa Ufaransa mwaka 1640 aliamini ukoo huu wote (2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo mara mbili mara mbili, ukijumlisha 1) ni tasa maana 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli, hii yako ndo inayofuata. Lakini sio. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akiwa Urusi, miaka 25 hivi, akaonyesha ni 641 × 6,700,417.

Kijana wa Mwanjelwa:
Eeh! 641 kaitoa wapi sasa, alibahatisha?

Mwalimu Makambako:
Hakubahatisha hata kidogo mdogo wangu. Euler alionyesha kigawo chochote cha namba hii, ukitoa 1, lazima kigawanyike kwa 64, na mwaka 1878 mwanahisabati mwingine, Lucas, akaikaza zaidi ikawa 128. Sasa hesabu mwenyewe: 129, 257, 385, 513, 641. Humo tasa ni 257 na 641 tu! 257 inabakiza 2, inayofuata ndo jibu, majaribio mawili basi, zile 6,542 zote umeziruka.

Na kuna njia naipenda kuliko zote, haina kalkuleta. 641 ni 5×2^7 + 1, kwa hiyo kwa upande wa baki ukigawa kwa 641, 5×2^7 ni sawa na -1, yaani imepungua 1 tu kugawanyika. Ipandishe kipeo cha 4, unapata 5^4×2^28 inabaki 1. Hiyo hiyo 641 ni 625 + 16 yaani 5^4 + 2^4, kwa hiyo 5^4 ni sawa na -2^4, iweke pale juu, unapata -2^32 inabaki 1, ndo kusema 2^32 + 1 inabaki 0. Kwisha. Mwandikie dogo kwenye karatasi aifuate mstari kwa mstari, ni uzuri mtupu.

Mhehe wa Ipogolo:
Hiyo ya vipeo sikuwahi kuiona, asante sana mwalimu. Niongeze tu, 6,700,417 yenyewe ni tasa, haipasuki tena. Na mpaka leo hakuna aliyepata tasa nyingine kwenye ukoo huo zaidi ya zile tano.

Kijana wa Mwanjelwa:
Asanteni wakuu, nimeifuata mpaka mwisho imekubali. Dogo sasa anauliza 2^64 + 1.

Mwalimu Makambako:
Hiyo Landry wa Ufaransa aliipasua mwaka 1880. Mwambie atafute namba za 256k + 1, k ikiwa namba nzima yoyote, kigawo kidogo ni 274,177, k yake 1,071.